Kutengeneza na Kubadilisha Vichwa vya Kusafishia Sakafu ya Bwawa: Kwa Wenzetu wa Arizona

Wenzetu wengi wanaonunua nyumba Phoenix na miji jirani kama Mesa na Chandler hukuta bwawa la kuogelea uani, na kwenye sakafu ya bwawa hilo visahani vya plastiki vilivyolala sawasawa na plasta. Hivyo ni vichwa vya kusafishia. Pampu inapofanya kazi, valvu ya kugawa maji hupeleka maji kwa zamu kwenye makundi ya vichwa; vichwa vya kundi lenye zamu huinuka kwa msukumo wa maji, husukuma vumbi na majani kuelekea tundu la kunyonya maji lililo kwenye kina kirefu, kisha hushuka zamu inapohamia kundi jingine. Kila kinapoinuka, kichwa hugeuka kidogo, na kwa namna hiyo baada ya mizunguko mingi huwa kimefagia pande zake zote.

Kabla ya kununua kipuri chochote, chora ramani ya bwawa, vipe vichwa namba, kisha keti ukingoni asubuhi maji yakiwa yametulia na utazame mzunguko mzima. Kichwa kimoja kikikataa kuinuka ilhali wenzake wa kundi lake wameinuka, aghalabu kimekwama kwa mchanga au kwa kipande cha plasta. Kundi zima likilala, shuku gia za valvu, bomba lililopasuka, au kichwa kilichochomoka na kuacha tundu wazi linalopitisha maji yote ya kundi hilo. Kichwa kinachoinuka bila kugeuka hujulikana kwa mchirizi mmoja safi huku uchafu umetanda kandokando yake. Meno yake ya ndani yamelika, na hapo dawa ni kukibadilisha.

Vichwa vyote vikiinuka kwa unyonge, usiviguse kwanza. Safisha kikapu cha pampu na chujio, hasa baada ya dhoruba za vumbi za Julai na Agosti, kisha utazame kasi ya pampu. Mimi niliwahi kushauriwa na fundi mmoja nibadilishe vichwa vyote, kumbe tatizo lilikuwa pampu mpya iliyowekwa kwenye kasi ndogo ili kupunguza bili ya umeme. Tangu kanuni za serikali kuu ya Marekani zilipoanza kutumika Julai 2021, pampu nyingi mpya za mabwawa ni zile za kubadilisha kasi, kwa hiyo kosa hili ni rahisi kutokea: kasi ndogo hutosha kuchuja maji, lakini huenda isitoshe kuinua vichwa.

Ukishathibitisha kwamba kichwa ndicho kibovu, zima pampu pamoja na swichi yake kuu ya umeme, ili saa ya pampu isiiwashe ukiwa majini. Bwawa halihitaji kumwagwa maji, na katika joto la kiangazi cha Arizona ni hatari kufanya hivyo, kwani plasta iliyoachwa juani hukauka na kupasuka. Kila mtengenezaji ana ufunguo wake wa plastiki, ambao kwa kawaida hufungwa kwenye mti mrefu wa kusafishia bwawa. Unaushusha mpaka ukamate kichwa, unazungusha kinyume cha mwendo wa saa, kisha unavuta juu. Usilazimishe kwa koleo, kwa sababu shingo inayoshika kichwa imejengewa ndani ya zege, na ikivunjika kazi ya dakika kumi hugeuka kuwa kazi ya kuchimba sakafu. Kazi hiyo mwachie fundi ambaye leseni yake umeihakiki kwa msajili wa wakandarasi wa jimbo.

Maji ya Phoenix yana chokaa nyingi, hivyo kichwa kilichokwama lakini hakijalika kiloweke katika siki nyeupe, kisugue kwa mswaki mkuukuu, kisha ukibonyeze mara kadhaa kuona kama springi inakirudisha. Kabla ya kukirudisha, washa pampu kwa muda mfupi tundu likiwa wazi, huku hakuna mtu majini, ili maji yatoe changarawe iliyobaki kwenye bomba. Usipofanya hivyo, changarawe ileile itakikwamisha kichwa kipya.

Katika kununua, jambo linalowaponza wengi ni ukubwa wa tundu la kutemea maji. Vichwa vya ngazini mara nyingi huwa na tundu dogo kuliko vya sakafuni, na ukiweka chenye tundu kubwa zaidi ya kile ulichokitoa, kitawanyima msukumo wenzake wa kundi hilo. Kwa hiyo soma jina na namba zilizo kwenye kichwa cha zamani, kipige picha, na uende nacho dukani, kwani kichwa cha mtengenezaji mmoja kwa kawaida hakikai kwenye shingo ya mwingine. Baada ya kukifunga, tazama tena mzunguko mzima, kisha zima pampu na uhakikishe kwamba hakuna kichwa kilichobaki kimesimama kabla ya kuwaruhusu watoto waingie, maana kichwa kilichosimama hujeruhi vidole vya miguu.