Mzigo unaibiwa kwa simu kabla lori halijafika linakokwenda

Ukimuuliza mwenye magari makubwa hapa Mombasa mzigo huibiwa wapi atakwambia njiani usiku, vijana na mapanga. Hayo yapo sikatai. Lakini mie na trela zangu nne hapa Miritini, hasara kubwa niliyopata hakuna aliyeshika panga.

Ilikuwa kontena ya futi 20 ya mchele kwenda Nakuru, nilipewa na broka, karatasi zote sawa. Dereva kafika Mlolongo akapigiwa simu, "bosi wenu ashajua, mwenye mali kabadilisha, shusha godauni ya hapa Nairobi", akaelekezwa, akakuta watu wana folklifti na stempu, wakamsainia dilivari akarudi zake. Siku ya tatu mwenye mchele ananiuliza mimi gari liko wapi. Godauni lilikuwa la kukodi, wallahi hata kufuli walikuwa washang'oa.

Kwa hivyo la kwanza ni hili, na ukilifanya hili tu ushaziba nusu ya mashimo. Dereva habadilishi mahali pa kushusha kwa simu aliyopigiwa yeye, hata anayepiga ajue jina lako na la mkeo. Anakupigia wewe, na wewe unampigia mwenye mzigo kwa namba uliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza, sio ile iliyokuja na meseji ya mabadiliko, maana hiyo itapokelewa na mwizi mwenyewe na atakujibu kwa heshima zote. Mie kila safari naweka neno la siri na mwenye mali, asiyelijua hashushi hata gunia.

Broka mpya usimpe gari kwa WhatsApp. Nenda ofisini kwake, ulize majirani, tizama imeili herufi kwa herufi kwa sababu wanaongeza kidoti kimoja tu na wewe huoni. Akikupa bei ya juu kuliko soko lote na haulizi maswali, jiulize wewe. Na kama wewe ndio unakodi gari la mtu kusaidia mzigo wako, cheki namba ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, uone mwenye logibuku, yaani mwenye gari kwa karatasi, ni nani, halafu namba ya lori, ya trela, kitambulisho na leseni ya dereva vipigwe picha kabla hajaingia kupakia, plet bandia zipo.

Sili sasa, kile kifungo chenye namba kwa mlango wa kontena. Watu wanaangalia namba ya sili tu, iko sawa wanasaini, kumbe mlango ulifunguliwa na sili haikuguswa! Wezi wanang'oa ribiti za mkono wa mlango au bawaba, wanatoa wanachotaka, wanarudisha na kupaka rangi. Piga picha mlango mzima wakati wa kupakia, karibu karibu, na anayepokea apige tena mfananishe. Nati inayong'aa kwa kontena kuukuu ni ya jana hiyo. Na tiketi za mizani usitupe, linganisha ya Mariakani na ya Athi River, kilo mia mbili kupungua ni dizeli iliyochomwa, tani mbili sio dizeli.

Mzigo wa Uganda au Rwanda una sili ya KRA, watu wa ushuru, inayofuatiliwa kwa mtandao tangu 2017, huo una macho zaidi, lakini ukipotea ushuru wake unadaiwa kwenye bondi, ile dhamana aliyowekewa KRA, na hapo ajenti wako atakutafuta mpaka kwenu. Mzigo wa ndani ya nchi mara nyingi mlinzi ni wewe. Weka treka mbili za kufuatilia gari, moja ijulikane na moja ifichwe, na mtu wa kuzitizama usiku, sio kuletewa picha asubuhi. Wezi wanavyo vimashine vya kuziba mtandao, kwa hivyo gari likipotea kwa ramani dakika kumi na tano piga simu, usingoje lirudi lenyewe. Kulala ni yadi mlizokubaliana, basi. Na tanboi, msaidizi wa dereva, aache kuposti mzigo kwa status, yaani mtu anapiga picha maboksi ya simu na "tunapanda Nairobi" juu yake.

Dereva mlipe kwa wakati. Unayemdai uaminifu na wewe unamdai subira miezi miwili, akipigiwa na mtu wa elfu hamsini unadhani atasema nini.

Wizi ukishatokea, saa hiyo hiyo polisi, chukua namba ya OB, ile ya kitabu cha ripoti, wapigie bima na mwenye mali kabla hawajasikia kwingine. Ila soma bima leo, sio siku hiyo. Mie yangu ilikuwa ya gari, na gari lilirudi zima kabisa. Mchele nimeulipa kwa awamu.