Namna ya kulihoji wazo linalokudharau

Ukishuka kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, na mteja uliyemshonea kitenge wiki iliyopita akakupita bila salamu, wazo huja papo hapo: "Amenidharau, kwa sababu sijui kazi." Usilifukuze, liandike daftarini kwa maneno yaleyale, kisha lihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi: umeona nini kwa macho yako, na umeongeza nini? Ulichoona ni mama anayekimbia mvua, beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Mengine yote umeyashona mwenyewe.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyeanzisha tiba ya kuhoji mawazo katika miaka ya 1960, alisema kwamba mawazo ya aina hii hujitokeza yenyewe, nasi huyaamini bila kuyachunguza. Hatua ngumu zaidi, ambayo wengi huiruka, ni kuijaribu imani yenyewe: kesho mtangulie kwa salamu, "Jambo mama, ile nguo ilikukaa vizuri?", halafu andika alichojibu, hata kama analalamika kuwa mkono unabana, kwa kuwa mkono hufumuliwa na kushonwa upya.