Jinsi ya kuomba kibali cha siku ya michezo ya watoto mtaani: mwongozo kwa vijana wa Mtwara

Vijana wengi wanaojitolea hapa Mtwara huanza na mipira, maji na magunia ya kukimbilia. Barua wanaikumbuka siku mbili kabla. Anzeni na barua, tena wiki tatu nzima kabla ya siku yenyewe, maana itapita mikono mingi.

Lakini hata kabla ya barua kuna tarehe. Kuanzia Oktoba watoto wengi wako mashambani wanaokota korosho na wazazi wao. Likizo ya Juni na ya Desemba ina jando na unyago, na mzazi mwenye mwali ndani hana nafasi ya kusikia habari za kuvuta kamba. Mvua nazo zikianza Desemba, uwanja unageuka tope. Mtaani kwetu tumeona Jumamosi ya Julai au Agosti inafaa, saa nane mchana baada ya madrasa mpaka saa kumi na moja, ili kila mtoto awe kwao kabla ya Magharibi.

Tarehe ikipatikana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa (kijijini, mtendaji wa kijiji). Msiruke kwenda moja kwa moja manispaa. Mtarudishwa, na mtendaji atajua kwamba mlimpita. Nendeni wawili au watatu, mmoja awe mtu mzima anayefahamika pale mtaani, mpige hodi, mjieleze kwa mdomo kwanza. Mkisikilizwa vizuri, mtaambiwa wenyewe: "Haya, leteni barua."

Barua inaandikwa kwa mkuu wa ofisi ya mwisho, lakini inapitia kwa wa chini. Kwa Mtwara mjini itakaa hivi (K.K. ni "kupitia kwa"):

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani.
K.K. Mtendaji wa Kata ya ...
K.K. Mtendaji wa Mtaa wa ...

YAH: OMBI LA KIBALI CHA SIKU YA MICHEZO YA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni vijana 12 wakazi wa mtaa wa ... tunaojitolea. Tunaomba kibali cha kukusanya watoto wapatao 80, wenye umri wa miaka 6 hadi 13, siku ya Jumamosi tarehe ..., saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, katika uwanja wa ... Watoto watacheza rede, kuvuta kamba na kukimbia na magunia. Hatutachangisha fedha kwa wazazi, wala hakutakuwa na shughuli ya siasa.

Sentensi hiyo ya mwisho msiiache. Mtendaji anayegonga muhuri anaweka jina lake pale, na hayo mawili ndiyo yanayomtia wasiwasi.

Ambatisheni orodha ya wanaojitolea wote yenye majina kamili, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa, ratiba ya siku, na mgawanyo wa watoto: kundi lipi liko chini ya nani. Uwanja ukiwa wa shule, mwalimu mkuu anaandikiwa barua yake peke yake, na humo muulizie choo na maji waziwazi. Watoto 80 bila choo kilichofunguliwa ni tabu ndani ya nusu saa.

Toeni nakala mbili za kila kitu. Mkifika masjala, nakala moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Mwaka wetu wa kwanza tuliacha barua moja tu kwenye ofisi moja. Baada ya siku tisa haikuonekana, na hatukuwa na cha kuonyesha kwamba tuliwahi kufika. Tukaanza upya kwa mwenyekiti, huku watoto wakituuliza njiani, "Kaka, michezo lini?" Ile iliniuma.

Barua ikishapanda, fuatilieni kwa ofisa maendeleo ya jamii na ofisa ustawi wa jamii. Hawa ni watu wa kuwasikiliza sana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kucheza na kupumzika kumetajwa humo kama haki yake, kwa hiyo ombi lenu lina msingi. Lakini sheria hiyohiyo inataka mtoto alindwe. Mtaulizwa nani anawasindikiza wadogo chooni (jibu liwe watu wawili, kamwe si mmoja), nani anapiga picha na zinakwenda wapi, na mtoto akisema jambo la kumuumiza huko nyumbani mtampeleka kwa nani. Jibu la hili la mwisho ni ofisi yao wenyewe, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu namba 116. Kila kijana aijue namba hiyo kwa kichwa.

Kituo cha polisi wapelekeeni taarifa ya maandishi mapema. Msisubiri zibaki chini ya saa 48. Spika kubwa na muziki mtaelekezwa kwa ofisa utamaduni.

Kibali kikitoka, kazi inayobaki ni daftari. Chora safu tano: jina la mtoto, umri, jina la mzazi, simu, na nani atamchukua. Ile ya tano ndiyo tuliyoikosa mwanzo. Jioni moja tulihesabu, akapungua binti wa miaka sita. Tulizunguka chini ya mikorosho tukiita, koo zimekauka, mpaka tukamkuta kwa bibi yake, amekaa kwenye kigoda anakula kitumbua. Alitoka na kaka yake bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo mtoto hatoki uwanjani mpaka aliyeandikwa aje, na kijana wa zamu aweke alama mbele ya jina.

Ndani ya wiki moja rudini kwa mtendaji na ukurasa mmoja wa taarifa: watoto wangapi walifika, nani alichubuka goti, uwanja umeachwaje. Mwakani barua yenu itapokelewa na mtu anayewafahamu.