Kabla ya kufungua bandeji, tafuta mapigo

Kidonda cha mguu kisichofikiwa na damu hakiponi, hata ukikisafisha kila siku kwa uangalifu. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, shika mguu wenyewe. Papasa mapigo upande wa juu wa wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha linganisha na mguu wa pili. Bonyeza kidole cha mguu na uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, kuna sababu ya kushuku. Oksimeta ya kidoleni, yaani kipimo cha oksijeni ya damu, isikutulize. 98% ya mkononi haisemi lolote kuhusu kisigino.

Dopla, yaani kifaa cha kusikiliza mwendo wa damu, ikiwepo, gawanya presha ya kifundo kwa presha ya mkono. Kati ya 0.9 na 1.3 ni kawaida, na chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Mwenye kisukari anaweza kutoa namba nzuri au hata ya juu mno kwa sababu mishipa yake imekakamaa na haibanwi, basi kwake usiiamini namba hiyo peke yake.

Haya yote ni ya lazima kwa kuwa matibabu hugeuka kulingana na chanzo. Mguu uliovimba kwa sababu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) huinuliwa na kufungwa bandeji ya kubana. Mguu wenye ateri (mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) zilizoziba ukifanyiwa hivyo, unaunyima hata damu kidogo uliyokuwa ukiipata.

Muulize mgonjwa kuhusu sigara, na umtajie ugoro kwa jina. Wazee wengi hawauhesabu kuwa tumbaku, ilhali nikotini yake nayo hubana mishipa. Ulizia pia maji anayokunywa, na uangalie kama ana upungufu wa damu.

Maumivu na baridi navyo hubana mishipa. Dawa ya maumivu ya kumeza itangulie nusu saa hadi saa moja, feni izimwe, maji ya chumvi yasiwe ya baridi, na vifaa vyote viwe mezani ili kidonda kisikae wazi ukitafuta shashi. Chupa ya maji moto kwenye mguu wenye ganzi, hapana: ataungua bila kujua.

Ukikuta mguu wa baridi usio na mapigo, au mgonjwa anayening'iniza mguu usiku ili maumivu yapungue, mpe rufaa siku hiyohiyo. Gamba jeusi kavu la kisigino usililoweshe wala kulikata. Lifunike likiwa kavu, aende nalo.