Ziba nyufa za matuta ya viazi vitamu

Hapa Malindi, mvua za masika zinapokatika na udongo kuanza kukauka, viazi vitamu vinavyonenepa hulipasua tuta, na ni kupitia nyufa hizo ndipo fukuzi, mdudu mdogo anayetoboa viazi na ambaye hana uwezo wa kuchimba mbali ardhini, hukifikia kiazi na kutaga mayai. Kwa hiyo, kila wiki pandisha udongo juu ya tuta hadi ufa usionekane (mimi hutumia mikono, kwa kuwa jembe hujeruhi viazi). Njia hii haifui dafu ikiwa marando (vipande vya mashina ya kupandia) yalipandwa yakiwa tayari na mayai ya fukuzi; kata ncha changa pekee, kiasi cha sentimita 30, kutoka shamba lisiloshambuliwa. Viazi vikishakomaa, vichimbe bila kungoja kiangazi kikolee.