Namna ya kuitambua ndege vita ya zamani kwenye picha ya familia

Haupiti muda mrefu kabla mtu hajaniletea picha pale Kirumba na kuniambia, "Hii ndiyo ile ndege ya Gaddafi iliyopiga Mwanza." Mpaka leo sijaletewa hata moja iliyokuwa kweli. Nimeletewa Dakota ya abiria, nimeletewa helikopta, nimeletewa hata kindege cha kunyunyizia dawa kwenye pamba. Watu hawadanganyi. Hadithi ilishakuwepo nyumbani, picha ikaokotwa baadaye, ikavalishwa.

Kazi yangu ni kusafisha na kurudufu picha za zamani, lakini ndege nilizijua kabla ya picha. Tulikulia Pasiansi, na jioni tulikuwa tunapanda juu ya mawe tunashindana kuitaja ndege kwa mlio kabla haijatokeza. Caribou, ndege ya mizigo ya jeshi, ilikuja inakohoa, injini zake za pistoni. Jeti ilikupita kwanza, mlio ukaja nyuma yake kama mtu aliyechelewa daladala. Aliyekosea alimbebea mwenzake ndoo ya maji kutoka ziwani. Kamera hatukuwa nayo, na hata sasa ninayo sipigi: uwanja wetu wa ndege una jeshi, na eneo la jeshi halipigwi picha. Kwa hiyo hapa naongelea picha zilizokwishapigwa, zile za kwenye albamu na masanduku ya bati. Ukienda kuchungulia uzioni na simu yako, usiseme nimekutuma mimi.

Hatua ya 1: Toa picha kwenye fremu, soma mgongo wake

Nyuma kunaweza kuwa na mhuri wa studio, tarehe, au mwandiko wa marehemu. Kama picha imegandana na kioo, usiivute. Iskani pamoja na kioo chake. Skani kwa doti 600 kwa inchi, na picha ndogo ya pasipoti iende 1200. Picha ya simu chini ya taa ya chumbani haitakufaa, kwa sababu mng'ao utaangukia palepale unapopataka.

Hatua ya 2: Mfunike mtu

Chukua kipande cha karatasi, funika babu, funika wajomba, ibaki ndege peke yake. Nafanya hivi kila mara, kwa sababu ukimwona mtu aliyevaa kombati akili inakimbilia vitani. Sasa jiulize mambo matatu tu: mabawa yako juu ya mwili wa ndege, katikati au chini? Injini ni ngapi na zimekaa wapi? Mkia umekaaje?

Kwa maswali hayo matatu "ndege ya Gaddafi" huanguka mapema. Ndege ya Libya ya Gaddafi iliyokuja mwishoni mwa Machi 1979 kumsaidia Idi Amin wa Uganda, wakati wa vita vya Kagera, ilikuwa Tupolev Tu-22. Ililenga matangi ya mafuta, ikakosa, silaha zake zikaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Tu-22 ina mwili mrefu wa zaidi ya mita 40, mabawa yaliyolala nyuma, na injini mbili zimepandishwa mkiani, moja kila upande wa shina la usukani wa wima. Ukishaiona mara moja huisahau. Na fikiri kidogo: ndege ile ilipita ikashambulia ikaondoka. Nani angesimama mbele yake apigwe picha, mkono kiunoni, anatabasamu?

Hatua ya 3: Kama ni jeti ndogo, tenganisha MiG (jeti vita za Kisovieti)

Hapa ndipo penye kazi, chukua kioo cha kukuzia.

Anza na pua. Zote hizi zinavuta hewa kwa mdomo wa mviringo ulioko mbele. Kama katikati ya mdomo kuna kitu kimechongoka kama pia ya kuchezea watoto, hiyo ni MiG-21 au ndugu yake wa Kichina, F-7. Mabawa yake ni ya pembetatu, kama sambusa mbili. Hicho kilichochongoka kikiwa kidogo na pua nyembamba, ni toleo la mwanzo. Kikiwa kinene, na mgongo wa ndege umevimba nyuma ya kioo cha rubani, ni la baadaye.

Kama mdomo una ukuta mwembamba tu uliosimama katikati, nenda nyuma kahesabu matundu ya moshi. Mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu ni MiG-19, ambayo ikitoka China inaitwa F-6. Tundu moja ni MiG-17 au MiG-15, na hapo wengi wanakosea. Tazama juu ya bawa: kuna vibati vyembamba vilivyosimama, vimetoka mbele kwenda nyuma. MiG-15 inavyo viwili kila bawa. MiG-17 inavyo vitatu, na chini ya mkia wake kuna pezi dogo ambalo mwenzake hana. Usihesabu kivuli ukadhani ni kibati. Mimi nimeshahesabu vinne.

Kuna faida gani kujua yote hayo? Kubwa. Katika vita vya Kagera, MiG-17 na MiG-21 zilikuwepo pande zote mbili, na nyingine za Amin zilitekwa Entebbe ilipoangukia mikononi mwa jeshi letu Aprili 1979. Lakini MiG-19 zilikuwa za kwetu. Kwa hiyo ukiambiwa "hii iliyotekwa kwa Amin" na wewe unaona matundu mawili ya moshi, mrudishie mwenyewe hadithi yake kwa upole.

Rangi na alama ya nchi naziacha mwisho. Rangi hupakwa juu ya rangi, na picha nyeusi na nyeupe inaweza kukuonyesha nyekundu na kijani kama kitu kimoja. Mabawa hayapakwi yakageuka.

Hatua ya 4: Kama ni ya mizigo, tazama mkia

Caribou tulizipata kutoka Canada, waliotusaidia kuanzisha kikosi cha anga katika miaka ya 1960. Buffalo zilifuata baadaye, kutoka kiwanda kilekile, na zinafanana kama mtu na mdogo wake. Mimi mwenyewe nilishawahi kuandika "Buffalo" kwa kalamu ya wino nyuma ya picha ya mzee mmoja mstaafu. Alipokuja kuichukua nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akageuza picha, akasoma, akacheka mpaka akakaa. "Mjukuu, Buffalo mabawa ya mkia yako juu kabisa, kama herufi T. Hii yako chini. Hii ni Caribou, na mimi nimetapika ndani yake." Wino ulikuwa umeshapenya. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli laini, pembeni, na naandika nilichokiona kwanza ("mkia wa chini, injini mbili za panga") kabla ya jina.

Kwa zile kubwa zenye injini nne za panga, C-130 na An-12: hesabu matairi. An-12 ina matairi manne kila upande, yamekaa mawili mawili. C-130 ina mawili tu kila upande, moja nyuma ya jingine.

Il-76 watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa. Tumeziona zikibeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Injini nne za jeti chini ya mabawa, mkia wa T, matairi 20, na vioo vya msoma ramani chini ya pua. Ukiona kijumba cha mpiga bunduki mkiani, ujue hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi hata kama imepakwa rangi za kiraia. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1971, kwa hiyo Il-76 yenye maandishi "1968" nyuma imeandikwa na mtu wa kubahatisha.

Hatua ya 5: Tazama nyuma ya ndege

Mawe makubwa yaliyopandana, hapo una haki ya kufikiria Mwanza. Minazi, fikiria pwani. Milima mirefu kwa mbali, uliza kama mzee aliwahi kukaa Ngerengere, kambi ya ndege za jeshi kule Morogoro. Ndiyo hivyo tu, usiweke uzito mwingi hapa.

Hatua ya 6: Hakikisha picha haijageuzwa

Hatua hii sikuwa nayo. Niliiongeza baada ya mama mmoja wa Bwiru kuniletea picha ya marehemu baba yake amesimama kando ya pua ya jeti. Ni pua tu, mkia umekatwa. Mdomo wa mviringo, ukuta katikati, mizinga mitatu chini. Kwa pua peke yake siwezi kuapa kama ni MiG-15 au MiG-17, nikamwambia hivyo. Lakini kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini.

Nikarudi kwenye mizinga. Ukisimama mbele ya ndege hizi ukaitazama usoni, mzinga mmoja mnene wa milimita 37 unakuwa upande wa mkono wako wa kushoto, na miwili membamba ya milimita 23 upande wa kulia. Kwenye picha ya mama, mnene ulikuwa kulia. Nikatazama shati la mzee: mfuko uko kifua cha kulia. Saa iko mkono wa kulia. Aliyeichapa zamani aliweka negativu kinyume, na kwa kuwa hapakuwa na namba wala neno kwenye ile pua, hakuna aliyegundua.

Nikaigeuza kwenye kompyuta, nikachapa, nikaziweka mbili mezani. Kovu la juu ya jicho lilikuwa limehamia upande wa pili. Mama aliinama akakaa kimya kidogo.

"Huyu ndiye baba. Yule mwingine siku zote nilikuwa naona kama ndugu yake."

Akauliza kama ile ya zamani aitupe. Nikaigeuza nikamwonyesha mgongo wake, mistari miwili ya kalamu ya risasi, mwandiko wa mzee. Akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka nazo zote mbili.