Namna ya Kupanda Kilima cha Isamilo: Mwongozo wa Matembezi Mafupi ya Urithi Mwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwapandisha wageni, wanafunzi au familia yake katika vilima vya Isamilo, juu ya jiji la Mwanza, na kuwarudisha chini kabla ya saa nne asubuhi wakiwa wameliona ziwa, wameyaelewa mawe na wamesikia habari za watu waliopita hapo. Mimi ni mwongoza wageni, na kazi hii ndiyo inayonilisha. Jambo ninalotaka kila anayeongoza matembezi ya namna hii alizingatie ni moja: habari isimuliwe pale inapoonekana. Mgeni akihutubiwa nusu saa nzima chini ya kilima, hupanda masikio yakiwa yameshachoka, na akifika juu hana swali lililobaki. Lakini akielezwa habari ya mawe akiwa ameyagusa, na habari ya ziwa akiwa analitazama, atauliza mwenyewe, na jibu atakaa nalo. Hatua zote zilizo hapa nimezipanga kwa kufuata kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri kuliko yote, kwa kuwa njia huwa kavu na mawe hayatelezi. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, matembezi yanawezekana pia, ila sharti uchunge radi. Ziwa Victoria hujitengenezea mvua zake: usiku, pepo zitokazo nchi kavu hukutana juu ya maji na kupandisha mawingu mazito, ndiyo maana asubuhi nyingine hupambazuka na ngurumo. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, ahirisha safari. Mtu aliyesimama juu ya jiwe tupu kileleni ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na mti ulio peke yake si mahali pa kujikinga.

Anza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wageni wengi huomba jioni kwa ajili ya machweo, nami siwakatalii, lakini kwa matembezi ya urithi asubuhi ni bora zaidi. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya mji, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako na kila kitu ng'ambo ya maji kinaonekana wazi, ilhali jioni jua linakupiga machoni na unachokiona ni mng'ao mtupu. Tena, kushuka mawe gizani si jambo la kumfanyia mgeni.

Hatua ya 2: Tafuta mwenyeji na uombe njia

Vilima vya Mwanza vinakaliwa na watu. Nyumba zimejengwa katikati ya majabali, nyingine zikiyatumia kama ukuta wa nyuma, na njia ya kwenda juu mara nyingi hupita uani kwa mtu, karibu na jiko lake na kamba yake ya nguo. Siku moja au mbili kabla ya matembezi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mweleze mwenyekiti unaleta watu wangapi na kwa madhumuni gani, kisha umwombe akuunganishe na kijana wa hapo hapo atakayetangulia njiani. Patana naye malipo mapema, na umlipe siku hiyo hiyo. Hata kama njia unaijua vizuri, usimwache: yeye anajua ni wapi pana mgonjwa, ni wapi pana msiba, na ni mbwa gani asiyefungwa.

Mkifika penye watu, salimieni kwanza. "Shikamoo mama, tunaomba njia" inatosha, na jibu litakuwa "Marahaba wanangu, piteni." Mgeni akijifunza kusema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na "Wabeja" wakati wa kushukuru, atapokelewa kwa namna nyingine kabisa. Kamera ibaki mfukoni mpaka mwenye nyumba aulizwe na akubali.

Hatua ya 3: Beba vinavyohitajika

Viatu viwe na soli yenye meno. Kandambili ziachwe nyumbani. Kila mtu awe na lita moja na nusu ya maji, kofia, na mfuko wa kurudishia taka zake. Kwa chakula cha njiani hakuna kinachoshinda michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa jinsi ya Wasukuma, michembe vikikatwa vibichi na matobolwa vikichemshwa kwanza. Vinapatikana sokoni, haviharibiki kwa joto, na vyenyewe ni sehemu ya somo, kwa sababu hivyo ndivyo kaya zilivyovuka miezi ya njaa.

Hatua ya 4: Panda kwa mwendo wa aliye wa mwisho

Mweke mtu mwenye mwendo mdogo nyuma tu ya kijana anayeongoza, nawe ukae mwisho kabisa. Ukiwaacha wenye nguvu mbele, watafika, watapumzika, na wataondoka mara tu wenzao wanapofika wakihema. Kumbuka pia kwamba uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari; mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Tanga jana yake atapungukiwa pumzi kidogo, na hana haja ya kuona haya.

Hatua ya 5: Simama kwenye jabali la kwanza kubwa na usomeshe mawe

Hapa usiharakishe. Watu husafiri kutoka mbali kuja kupiga picha Jiwe la Bismarck pale majini, na wengi huondoka wakiamini kwamba mawe yale yalibebwa au yaliviringika kutoka mahali pengine. Waambie wageni waweke viganja juu ya jabali, kisha wasogeze macho karibu. Chembe nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa, zinazometa jua likizipiga, ni feldispa. Chembe za kijivu zenye mng'ao wa kioo ni kwatzi. Vidoa vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni mika. Hiyo ndiyo graniti, na chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu uji wa moto uliozizaa ulipoa polepole sana, kilomita kadhaa chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Kisha eleza umbo. Ardhi iliyoifunika graniti ilipomomonyoka kwa miaka mingi, mzigo ukapungua, na mwamba ukapasuka kwa nyufa za wima na za mlalo, ukawa kama matofali yaliyopangwa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo. Pembe ya kipande cha mwamba hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo pembe ndizo huliwa kwanza, na kipande huwa duara kingali kimezikwa. Udongo laini wa katikati ulipochukuliwa na mvua, mawe ya duara yakabaki pale pale yalipozaliwa, moja juu ya jingine. Mwonyeshe mgeni ufa ambao bado una udongo ndani yake, naye ataiona kazi hiyo ikiendelea.

Malizia kwa kuwaonyesha mchanga wa njiani. Feldispa huoza ikawa udongo wa mfinyanzi; kwatzi haiozi, hubaki kuwa punje ngumu. Punje hizo zikikaa juu ya jiwe tambarare ndizo zinazowaangusha watu wakati wa kushuka, na mtu aliyeelewa zinatoka wapi huzitazama anapoweka mguu.

Penye jabali lililomeguka na lenye masizi, eleza pia habari ya wapasua kokoto. Huwasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke kwa joto, kisha hugonga vipande kwa nyundo, na kokoto hizo ndizo zilizomo katika kuta na sakafu za mji. Mimi naumia kila ninapoliona jabali la kale limekwisha kwa namna hiyo, na wageni huwa nawaambia hivyo. Lakini pia nawaambia kwamba anayegonga analipa ada ya shule kwa kazi hiyo, na mjadala wa kuyahifadhi mawe haya usiomhusisha yeye hautafika popote.

Hatua ya 6: Nyamazeni kidogo muwaone wanyama

Jua likishapasha mawe joto, mijusi hutoka. Dume la mjusi wa mawe wa hapa, ambaye jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, lina kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu, na hujiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele kuwaonya madume wengine. Michirizi myeupe kwenye ubavu wa jabali ni mikojo ya pimbi iliyokauka. Ukiiona, tazama mianya iliyo juu yake. Msiwarushie chochote.

Hatua ya 7: Kileleni, elekeza kwanza kwa mkono, kisha simulia

Waache wageni watazame kwa dakika kadhaa kabla hujasema neno. Kisha onyesha: ghuba iko mbele, ng'ambo yake ni Kamanga, upande wa Sengerema, kile ni Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ile ni hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Eleza kwamba wanachokiona ni mkono mmoja tu wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, linalogawanywa na nchi tatu, karibu nusu yake ikiwa Tanzania.

Hapo sasa simulia 1858. Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amemwacha mwenzake Richard Burton akiugua Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, na asubuhi ya Agosti 3, baada ya kuondoka Isamilo, alipanda kilima alichokiita Somerset, akaliona ziwa. Akaamini kwamba amepata chanzo cha Nile, na mabishano yakaendelea mpaka Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, akianzia Kagehi, mashariki ya hapa. Usimwonyeshe mgeni jiwe moja ukamwambia "alisimama hapa hasa". Mwambie alipanda kilima katika eneo hili, na inatosha.

Usiishie kwa Speke. Wataje waliomfikisha. Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kazeh, ndiye aliyewaeleza Waingereza hao habari za ziwa hili wakati wao walikuwa hawajaliona. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, ndiye aliyekuwa mkalimani, akizungumza na Speke kwa Kihindustani na wenyeji kwa Kiswahili. Hapa Mwanza, Mtemi Mahaya na Mwarabu mmoja, Mansur bin Salim, walimpa habari za visiwa na njia za maji. Speke mwenyewe aliandika kwamba aliuliza ziwa linafika wapi upande wa kaskazini, na mtu mmoja aliyesafiri sana akageukia huko, akatikisa kichwa, akapiga vidole, akasema labda linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Waambie wageni wageukie kaskazini wakati unasimulia hayo. Mtu yule alikuwa amelipima ziwa kwa kadiri mtumbwi ulivyoweza kulipima, na Speke aliyategemea maneno kama hayo alipochora ramani yake. Kwa hiyo mimi sisemi kamwe kwamba ziwa liligunduliwa siku ile, na ningeomba mwongozaji yeyote asiliseme hilo mbele ya watoto wa Mwanza.

Mengine yafuate kwa ufupi, kulingana na maswali. Upande wa bandari na stesheni ukionekana, taja reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, na pamba iliyoipa mizigo, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambalo wakulima walilitumia kuuza pamba yao wenyewe. Meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, itaje kwa adabu, bila vituko vya kusisimua. Mamia walikufa, wengi wamezikwa Igoma, na huenda kijana anayewaongoza ana ndugu yake kule.

Hatua ya 8: Shuka taratibu, mpitie Makoroboi

Ajali hutokea zaidi wakati wa kushuka. Piga hatua fupi, kunja magoti, kanyaga kwa wayo mzima, na penye mwinamo mkali kaa chini uteremke kwa makalio bila kujali suruali. Shukeni kwa njia ile ile mliyoombea ruhusa, na muwaage tena wenyeji.

Mkifika mjini, mpitie Makoroboi, chini ya mawe, ambako mafundi wamekuwa wakifua vyuma chakavu na makopo kuwa majiko, vyombo na koroboi. Saa hiyo nyundo zinakuwa zimeshaanza. Mgeni anunue kitu, hata kidogo, kwa bei aliyotajiwa na fundi, na asipige picha bila kumwomba. Anayetaka kuendelea na habari za Wasukuma apande daladala ya Kisesa, kandokando ya barabara ya Musoma, aende Makumbusho ya Bujora. Akienda Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, atawakuta Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma, wakishindana, na ni vyema awahi asubuhi kwa sababu uwanja hujaa.